Ndoto Inayorudi na Gari la Safari

Ndoto inayorudi, yaani ile inayomjia mtu yule yule kwa sura ile ile baada ya majuma, miezi au hata miaka, huzusha swali ambalo ndoto ya usiku mmoja haizushi, yaani kama itiiwe, kwa kuwa kule kurudi kwenyewe huchukuliwa kuwa ushahidi: lililosemwa mara moja hupuuzwa, bali lililosemwa mara kumi humfanya msikiaji ajione ameamriwa. Swali hilo huwa zito zaidi pale ndoto yenyewe inapokuwa ya barabara, na nyumba nzima inajiandaa kusafiri na haijaamua itapanda chombo gani. Kwa Waswahili wa mtaa wa Kawale mjini Lilongwe, na kwa jamaa zao walioko kambi ya Dzaleka katika wilaya ya Dowa, jambo hili liko mbali na nadharia tupu, maana wengi wao walifika Malawi kwa safari wasiyoitaka, juu ya vyombo wasivyovichagua.

Kambi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa zama za Rais Kamuzu Banda, na ingawa ilikusudiwa kupokea watu wapatao 10,000 tu, leo inabeba zaidi ya 50,000, hasa kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Wapo waliovuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, wakateremka kupitia Mbeya hadi mpaka wa Songwe, kisha wakaifuata barabara kuu ya M1 kupitia Karonga na Mzuzu, mara kwa boti iliyojaa, mara juu ya shehena ya lori, mara kwa miguu. Baadhi yao walijijengea maisha katika mitaa ya Lilongwe mpaka mwaka 2023, Serikali ya Malawi ilipoagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi nje ya kambi warudi Dzaleka, na mizigo ikapakiwa tena. Kwa watu wa namna hii maneno “safari ya familia” hayakuanza na mapumziko. Yalianza na kukimbia, na hata leo anayetaka kuhudhuria harusi Mzuzu au kuwapeleka watoto ziwani Salima hana budi kwanza kupata kibali cha kutoka kambini. Chombo ndicho kinachofuata: kuna minibasi, kuna basi kubwa, kuna gari la kukodi la viti saba, lililotumika Japani kabla ya kuletwa huku, na kuna matola, jina ambalo Wamalawi hulipa lori au pikapu inayobeba abiria nyuma, penye uwazi, kwa nauli nafuu.

Anayedai kuwa marudio ya ndoto ni uthibitisho ana andiko la kushika, na haifai kulipita kwa haraka. Katika sura ya 41 ya kitabu cha Mwanzo, Yusufu anamweleza Farao kwamba kule kuletewa ndoto mara mbili ni dalili ya jambo lililokwisha kukatwa na Mungu, tena li karibu kutokea. Hata hivyo, ndoto hizo mbili zilikuja usiku mmoja na hazikufanana kwa sura, kwani ya kwanza ilikuwa ya ng'ombe na ya pili ya masuke. Kilichorudi ni maana, nayo ilivaa vazi jipya ili ieleweke. Ndoto ya mtu aliyeanguka kutoka kwenye lori akiwa mtoto hufanya kinyume chake: huleta lori lile lile, giza lile lile na mkono ule ule ulioponyoka, miaka nenda miaka rudi, bila kuongeza neno. Ile ya Farao ilitafuta msikilizaji na ikakoma alipopatikana, ilhali hii ni kidonda ambacho hakijafunga, na kuziita zote mbili ufunuo kwa sababu tu zilirudi ni kuchanganya vitu viwili vilivyoshirikiana jina. Tena Yusufu, baada ya kufasiri, hakumshauri Farao alale angoje ndoto ya tatu. Alimshauri atenge sehemu ya tano ya mavuno, na katika Kurani anaongeza ushauri wa mkulima hasa, kwamba nafaka iachwe ndani ya masuke yake.

Wanazuoni wa Kiislamu waliligawa jambo hili kwa uangalifu mkubwa. Kwa mujibu wa hadithi mashuhuri, ndoto ni za aina tatu: ru'ya, yaani maono mema yatokayo kwa Mwenyezi Mungu, ndoto ya kutisha itokayo kwa shetani, na mazungumzo ya nafsi, yaani yale ambayo moyo ulikuwa ukijisemea mchana na ukayaendeleza usiku. Lakini hata ile ya kwanza, iliyo bora, haikupewa mamlaka ya kutunga hukumu, na Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alieleza kuwa mtu akimwona Mtume usingizini akimwambia kwamba kesho ni Ramadhani, hali mwezi haukuonekana, kufunga kwa kutegemea ndoto hiyo hakusihi, kwa kuwa aliyelala hana udhibiti wa kile anachokipokea. Vivyo hivyo istikhara, sala ya rakaa mbili ya kumwomba Mungu achague lililo la heri, imezoeleka kudhaniwa kuwa jibu lake huja kwa ndoto, ilhali hadithi ya swahaba Jabir inayoifundisha haikutaja ndoto kabisa. Na mtu aliyemwuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache huru na kutegemea alijibiwa afunge kisha ategemee, jibu ambalo kwa msafiri wa Kawale lina maana ya kutazama breki, matairi, idadi ya viti na macho ya dereva kabla ya dua ya safari.

Falsafa nayo ilikwisha kuingia humu mapema. Aristotle, katika risala yake fupi juu ya ubashiri wa usingizini, aliuliza kama ndoto ni sababu ya jambo, au ni dalili yake, au imesadifiana nalo tu, akahukumu kuwa nyingi ni sadfa, ingawa alikubali kuwa ndoto huweza kuwa sababu kwa njia iliyo wazi: lililoonwa usiku hufungua njia ya tendo la mchana. Sigmund Freud naye, mwanzilishi wa uchambuzi wa nafsi, mwaka 1920 alikiri kwamba ndoto za askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, zilizowarudisha kila usiku kwenye tukio lile lile, hazikuingia katika nadharia yake ya awali kuwa ndoto hutimiza matamanio. Na mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliziweka ndoto za aina hiyo miongoni mwa dalili za maradhi yanayofuata kiwewe, yaani mshtuko mkubwa ambao nafsi haikuweza kuumeza. Ipo pia sababu ya mwilini ambayo haistahili kusahauliwa: efavirenz, dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI iliyotumika kwa miaka mingi katika ukanda huu, inajulikana kuleta ndoto kali, hivyo mtu anayekimbizwa kila usiku huenda anahitaji zahanati kabla ya mfasiri.

Hoja iliyo nzito kuliko zote, hata hivyo, ni ya kimaadili. Ndoto huonwa na mtu mmoja, na hakuna mwingine awezaye kuikagua. Gari hupandwa na watu saba, na likipinduka hupinduka nao wote. Si haki ushahidi usiokaguliwa na yeyote uamue hatari itakayobebwa na wengi, hasa watoto, ambao hawakuota wala hawakuulizwa. Injili ya Mathayo inalinda mpaka kati ya ndoto na uchaguzi wa chombo kwa namna ya kupendeza: Yusufu mume wa Mariamu anaambiwa ndotoni aikimbize familia yake Misri, naye anaondoka usiku, lakini ndoto haimwambii apande nini, na punda aliyezoeleka katika picha za Kikristo hayumo katika andiko.

Hapa ndipo wanaoikataa ndoto moja kwa moja nao wanapokosea. Mama anayeota kila mara kwamba mtoto anamponyoka nyuma ya lori hajatabiri ajali, lakini ana habari ya kweli juu ya nafsi yake, na nyumba inayompakia kwenye matola kwa sababu nauli yake ni nafuu inamrudisha ndani ya ndoto akiwa macho. Nauli itakayoongezwa ili apate kiti chenye mkanda haitolewi kuitii ndoto, hutolewa kumheshimu mwotaji. Tena wapo watibabu wanaomfundisha mgonjwa wa ndoto kama hizi kuibadilisha hadithi yake akiwa macho na kuirudia kila siku, mpaka usingizi wenyewe uzoee mwisho mpya. Kumshirikisha mama huyo katika kuchagua gari kunakaribiana na tiba hiyo, maana katika safari ile ya kwanza alipakiwa, na katika hii anachagua.

Wachewa wa Kawale husema kulota pale Mswahili anaposema kuota, na ndoto zenyewe huziita maloto. Neno ni moja kwa asili, limepoteza herufi tu njiani. Kwa hiyo mchungaji, sheikh au jirani anayeletewa jambo hili, awe wa lugha yoyote kati ya hizo, anaombwa asianze na tafsiri, wala asiseme ni shetani kabla hajasikiliza. Amwulize aliyeota ndoto hiyo ilianza lini, na siku hiyo walisafiri kwa chombo gani.