Ni Ipi Ila ya Chombo?

Yako masuala ambayo watu huyapita mbio wakiyadhani madogo, na kumbe ndani yake mna jambo kubwa la akili na tabia. Mojawapo ni suala hili: chombo cha kazi husemwa kuwa kina ila kwa sababu gani? Ni kwa sababu jicho halikupendezwa nacho, au ni kwa sababu mkono umeshindwa kufanya kazi nacho? Kila aulizwaye atajibu kwamba la pili ndilo sawa. Lakini tukiyatazama matendo ya watu, wala si maneno yao, twaona kuwa wengi huhukumu kwa lile la kwanza.

Tuchukue mfano ulio dhahiri. Katika nchi za Marekani na Uingereza, useremala wa mkono, ambao zamani ulikuwa njia ya kutafutia chakula, sasa kwa watu wengi umekuwa kazi ya kujifurahisha baada ya shughuli zao. Hilo si la kulaumiwa, kwani mtu kutumia mapumziko yake kutengeneza meza ni bora kuliko kuyapoteza bure. Lakini miongoni mwao limezuka kundi ambalo mapenzi yao yameiacha mbao yakabaki juu ya chombo. Mmoja wao akiletewa randa mpya, iliyomgharimu mamia ya dola, huiweka penye mwanga wa dirisha akaigeuzageuza kama sonara ageuzavyo kito. Akiona mkwaruzo mwembamba ubavuni, au tone la rangi lililovuka mpaka wake, au doa juu ya shaba, au rangi ya mpini wa nyuma isiyolingana na rangi ya kishikio cha mbele, moyo wake huingia dhiki. Huirudisha dukani kabla randa ile haijaonja mbao hata mara moja.

Ili tuhukumu kwa uadilifu, yatupasa kwanza tujue randa yafanyaje kazi. Randa ya chuma iliyo mashuhuri zaidi ulimwenguni yatokana na uvumbuzi wa Mmarekani Leonard Bailey, ambao kampuni ya Stanley ya mji wa New Britain, katika jimbo la Connecticut, iliununua mwaka 1869. Umbo lake halikubadilika sana tangu siku hizo, na seremala wa Mombasa akiiona leo ataitambua mara moja. Kisu chake hulala kwa mwinamo wa digrii 45, na makali yake hunolewa kwa digrii 25 hivi. Makali ni pale zinapokutana nyuso mbili za chuma, yaani mgongo wa kisu na uso ulionolewa. Basi vishimo vya kutu vikiwa mgongoni karibu na makali, hiyo ni ila ya kweli, kwa sababu kila kishimo kitakachofikiwa na kinoo kitakuwa pengo, na kila pengo litaacha mstari juu ya mbao. Lakini vishimo vivyo hivyo vikiwa inchi mbili juu yake, havina dhara lolote.

Kadhalika uso wa chini wa randa. Ukiwa umepinda mbele ya tundu la kisu, randa haitanyoa sawasawa, hata iwe imeng'arishwa kama kioo. Bali ukiwa na mkwaruzo, hata mrefu, itanyoa kama kwamba mkwaruzo haupo; isipokuwa mkwaruzo huo umeinua ukingo wenye kuchora mbao, na huo huondolewa kwa tupa kwa muda mfupi sana. Mpini nao, ukicheza mkononi una ila. Ukiwa na ufa wa zamani ulioungwa kwa gundi ukashika imara, hauna. Waona basi, ewe msomaji, kwamba mkwaruzo ni ule ule na kutu ni ile ile, lakini hukumu yabadilika kwa kufuata mahali na kazi.

Wanavyuoni wa sheria walilichungua jambo hili zamani sana katika mlango wa biashara. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu, mnunuzi ana haki ya kurudisha kitu akigundua kuwa kilikuwa na ila tangu kwa muuzaji. Lakini si kila kisichopendeza huitwa ila. Ila ni lile lipunguzalo thamani ya kitu, au lipunguzalo kitu chenyewe hata kusudi lililo sahihi likakosekana, hali ya kuwa vitu vya jinsi ile kwa kawaida havina upungufu huo. Tazama jinsi walivyolifunga neno hili kwa masharti: kusudi, na tena kusudi lililo sahihi; na desturi ya jinsi ya kitu, wala si ndoto ya mnunuzi.

Huenda mtu akasema: "Nyinyi wenyewe mmetaja thamani. Randa yenye mkwaruzo huuzwa kwa bei ndogo kuliko isiyo nao, basi mkwaruzo ni ila." Twamjibu kwamba katika hukumu ya mauzo hoja yake ina nguvu. Aliyeuziwa kitu kwa jina la kipya akakikuta kimekwaruzwa, hatumnyimi haki yake. Lakini sheria yamwambia mtu lipi anaweza kulirudisha. Haimwambii lipi aliweke moyoni. Kisha na tuulize, thamani hiyo imetoka wapi? Bei hufuata macho ya wanunuzi. Iko randa ndogo sana ya Stanley, iitwayo Nambari 1, ambayo urefu wake ni inchi tano na nusu. Haifai kazi nyingi, na mkono wa mtu mzima waishika kwa taabu. Lakini wakusanyaji huigombea kwa bei ipitayo mbali bei ya randa kubwa zenye kulisha nyumba za watu. Macho yakishaugua, na bei nayo huugua. Mtu hawezi kuileta kuwa ni shahidi wake bei ambayo yeye na wenziwe ndio walioipandisha.

Wa pili atasema: "Kupenda ukamilifu ni sifa njema, nanyi mwataka watu waridhike na kazi mbovu." Hasha. Ukamilifu twautaka, na fundi asiyeutaka si fundi. Lakini kila ukamilifu una mahali pake. Ukamilifu wa mwenye kufua kisu ni kukitia matiko barabara, kisiwe kigumu hata kikamegeka, wala laini hata kikajikunja. Ukamilifu wa seremala ni kiungo kilichoshikana na mlango usiopinda. Saa ambayo mtengenezaji huitumia kung'arisha ubavu ambao mbao haitaugusa, ama ameipunguza katika kazi iliyo na faida, ama ameiongeza katika bei. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, shaba ilipohitajiwa kwa silaha, randa za Stanley zilitoka na vifaa vya chuma au mpira mgumu mahali pa shaba, na mipini ya mbao za kawaida iliyopakwa rangi mahali pa ile mbao nyekundu ya thamani. Kwa sura zilikuwa duni. Lakini ziko hadi leo, na zikinolewa hunyoa mbao sawa na wenzake. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Na asidhani mtu kwamba dawa ya maradhi haya ni kugeuka upande wa pili na kuitukuza kutu. Wako wakusanyaji wasiotaka chombo cha kale kisuguliwe hata kidogo, wakiipenda ile rangi ya uzee kuliko makali. Na panapopendwa uzee, hapakosekani wenye kuuigiza. Jambo hili Wajapani walilijua katika vyombo vya udongo. Wapenzi wa chai wa zamani walivutiwa na bakuli za kawaida zilizopinda kidogo kwa sababu zilifinyangwa kwa matumizi ya kila siku; kisha waliokuja baadaye wakafinyanga bakuli zilizopindwa makusudi. Yanagi Soetsu, aliyeanzisha jumba la sanaa za watu wa kawaida mjini Tokyo mwaka 1936, alilikosoa tendo hili, kwani yeye aliona kuwa uzuri wa chombo huzaliwa katika matumizi, si katika kujipamba kwa ila. Basi mwenye kuogopa mkwaruzo na mwenye kuuabudu wote wawili ni wamoja: wanatazama ngozi.

Watu hao hao wa Japani wana patasi ambayo mgongo wake una bonde katikati. Mgeni akiiona atadhani imeharibika. Kumbe bonde lile limefanywa kwa hekima, ili chuma kigumu kinachotakiwa kusawazishwa juu ya kinoo kiwe kidogo. Ni mara ngapi tunakiita kasoro kitu ambacho hatujajua kazi yake!

Sasa na tuje kwetu. Hapa Kenya, mafundi wa jua kali huchukua springi kuukuu za motokaa wakazifua zikawa patasi na mapanga. Patasi ile hutoka nyeusi, ina alama za nyundo, na mpini wake haukupakwa kitu. Kijana aliyefundishwa kwamba chombo sharti king'are ataidharau, akae akingoja fedha za kununua kile alichokiona katika picha. Na jirani yake aliyeinunua ile nyeusi, akainoa, ameshatengeneza vitanda na milango ya watu. Hatusemi kuwa kila patasi nyeusi ni njema. Nayo ipimwe, lakini ipimwe kwa mti mgumu na kinoo, si kwa mwanga wa dirishani. Tezo ya mjenzi wa majahazi wa Lamu imekuwa nyeusi mpinini kwa jasho, na hakuna aiulizaye sura yake. Huulizwa kama ubao umelala sawa na mwenziwe, pasiwe na mwanya ambao kalafati haitauziba. Ndiyo maana wazee wetu walisema: mchagua jembe si mkulima.

Nasi twaona kwamba neno hili la wazee lina siri ambayo ndiyo kiini cha maneno yetu yote. Kwa nini mchagua jembe hawi mkulima? Si kwa sababu kuchagua ni vibaya. Ni kwa sababu kuchagua kusikokwisha humwokoa na shamba. Randa ikiwa bado kitambaani, anayepimwa ni randa, na mwenyewe ni hakimu. Siku itakapopita juu ya mbao, hukumu hugeuka: mbao ikitoka na mawimbi, au kiungo kikaachana, kila mtu atajua kuwa mkwaruzo wa ubavuni haukuwa na neno, mkono ndio uliopungukiwa. Mtu huitafuta ila ya chombo ili asifikie saa ya kuonyeshwa ila yake. Ukelele juu ya doa la shaba, mara nyingi, ni hofu ya kuanza.

Na tabia hii haikai karakanani peke yake. Jicho lililozoea kuhukumu chombo kwa ngozi yake litamhukumu mwalimu kwa joho lake, na kitabu kwa jalada lake, na mwana wa jirani kwa viatu vyake. Litakuwa kali sana juu ya yasiyodhuru, na likipita penye ufa wa kweli halitauona, kwa kuwa limechoka kwa kutazama vumbi.

Basi, ndugu msomaji, ukishika chombo na ukataka kukihukumu, jiulize mambo matatu. Kitu hiki kimefanywa kwa kazi gani? Hili ninaloliona laizuia kazi hiyo? Na je, nimekijaribu? Likiwa laizuia, kirudishe au kirekebishe bila haya. Likiwa haliizuii, kinoe uingie kazini. Na mkwaruzo wa kwanza utakaokitia wewe mwenyewe hautakuuma, kwa kuwa utakuwa umeupata pamoja na meza.