Sikio Halipiti Kichwa

Safari hii tunaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya waya. Ni waya mwembamba wa mita tatu, umesukwa kama nywele, rangi yake ya fedha, na kazi yake ni kupeleka muziki kutoka kwenye amplifaya hadi kwenye hedifoni. Ulinunuliwa kwa euro 240. Tangu ulipoingia katika kikao chetu, sisi watu wazima saba, ambao hatujawahi kugombana kwa siasa wala kwa mpira, tumefikia hatua ya kununiana.

Kwa wasiotufahamu, sisi hukutana Jumamosi moja kila mwezi katika nyumba ya ghorofani huko Ixelles, hatua chache kutoka Matonge, tukanywa chai na kusikiliza muziki wa kwetu. Tumo wa Lubumbashi, wa Bukavu, wa Mombasa, wa Unguja, na mmoja wa Tabora anayeshikilia kwamba muziki wa dansi ulizaliwa kwao. Zamani tulitumia spika. Lakini kuta za hapa ni nyembamba, na majirani walikuja kugonga mlango, kwanza kwa adabu na baadaye bila adabu, ndipo tukahamia kwenye hedifoni. Tunapokezana kama kikombe cha kahawa barazani.

Hedifoni zenyewe ni Sennheiser HD 650, aina iliyotoka mwaka 2003. Ni za mgongo wazi, yaani nyuma ya kila sikio hakuna ukuta wa plastiki bali wavu wa chuma unaopitisha hewa. Kwa hiyo sauti haigongi ukuta ikakurudia, na muziki unaonekana kama uko chumbani pamoja nawe wala haujafungiwa ndani ya fuvu. Hasara yake ni kwamba kilichomo hutoka na cha nje huingia: birika likichemka unalisikia, basi likipita chini unalisikia. Sisi hatuoni kuwa ni hasara. Mtu aliyevaa hedifoni za namna hii bado anaweza kuitwa akaitika.

Ndugu yetu mmoja, ambaye hatutamtaja kwa kuwa anausoma ukurasa huu, hufanya kazi ya usafi wa ofisi usiku na muziki ndio anasa yake pekee. Ndiye aliyeleta waya. Alituambia kwamba tangu aufunge, ni kama mtu amefuta vumbi kwenye kioo. Gita limesogea mbele, na pumzi ya mwimbaji inasikika. Tulimpongeza. Tatizo lilianza wiki mbili baadaye, kijana wetu wa Bukavu, aliyefika Ubelgiji juzijuzi, aliponunua waya kama huo kwa sababu tu kaka yake mkubwa ameusifu. Fedha aliyotumia ilikuwa ya ada ya dada yake. Hapo ikatubidi tuulize kwa dhati: huyu mkubwa alisikia kweli, au alisikia bei?

Mzee wetu wa Lubumbashi ndiye aliyecheka kuliko wote, na kicheko chake kilikuwa na uchungu ndani. Shaba ya Katanga ilichimbwa na Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, na sehemu yake kubwa ililetwa kusafishwa huku huku Ubelgiji, huko Olen. Jimbo lenyewe liliitwa Shaba kuanzia mwaka 1971 hadi 1997. "Sasa mtoto wetu," akasema Mzee, "anauziwa shaba yetu kwa mita, na anaambiwa hii imesafishwa zaidi." Kwa kweli shaba yote ya nyaya za umeme, hata ile ya pasi, husafishwa kwa umeme hadi kufikia asilimia 99.99. Na fedha, ambayo wauzaji huipaka juu na kuitangaza sana, inapitisha umeme vizuri zaidi ya shaba kwa asilimia 6 hivi tu.

Tuchukue hesabu kidogo, haitachukua muda. Hedifoni hizo zina ukinzani wa omu 300. Waya wa kawaida wa mita tatu, hata tukiukadiria kwa ukarimu, una kama omu moja. Ukiuondoa wote, ukaweka waya wa miujiza usio na ukinzani kabisa, sauti itapanda kwa sehemu tatu tu katika mia za desibeli. Katika muziki, watu wengi hawatambui tofauti iliyo chini ya desibeli moja. Waya ukiwa umekatika ndani au plagi imelegea, hapo ndiyo, badilisha, na wa euro 15 unatosha.

Lakini hesabu haijawahi kumtoa mtu katika jambo alilolisikia kwa masikio yake mwenyewe. Ndugu yetu alijibu kwa jibu ambalo bado tunaliheshimu: "Mnanionyesha namba. Mimi nakuambieni nimesikia." Tukaona hakuna njia ila kusikiliza.

Mwenzetu wa Mombasa, ambaye ni fundi wa umeme wa lifti, ndiye aliyepanga jaribio. Wimbo ulikuwa "Masanga" wa Jean Bosco Mwenda, tuliochagua kwa sababu wote tunaujua na kwa sababu hauna pa kujificha: ni mtu mmoja, gita moja na Kiswahili cha Katanga. Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi. Fundi akaweka waya wa zamani, tukasikiliza kila mtu kwa zamu. Kisha akatupa mgongo, akashughulika na plagi, akasema, "Haya, sasa huu mpya." Tukasikiliza tena. Sote tuliosikiliza tulisikia tofauti. Mmoja alisema sasa anasikia kucha ikigusa uzi. Mwingine alisema besi imekaza. Nasi tulioleta habari za namba na desibeli, tuliona haya kidogo, tukakiri kwamba kweli kuna kitu.

Fundi akageuka. Hakuwa amebadilisha chochote. Ulikuwa waya ule ule wa zamani.

Kimya kilichofuata hatujakisahau. Bi mkubwa wetu wa Unguja ndiye aliyekivunja, na hakumkemea aliyedanganyika bali aliyedanganya: akasema mgeni aliyekaribishwa chai hawekewi mtego, hata kama mtego huo unanasa ukweli. Fundi akaomba radhi. Kwa maoni yetu Bi ana haki, na fundi naye ana haki, na hatujui namna ya kuzipatanisha haki hizo mbili, kwa sababu tungeambiwa mapema tusingejifunza.

Jaribio la pili lilikuwa la wazi. Fundi alizivisha nyaya zote mbili vipande vya kanga ili zisitambulike kwa kuguswa. Kila mara alirusha sarafu, ikaamua waya upi utumike, akaandika kwenye karatasi asiyoiona mwingine. Ndugu yetu akasikiliza mara 10, akataja kila mara ni upi. Alipata 6. Mtu anayebahatisha tu hutarajiwa kupata 5, na kupata 6 au zaidi kwa bahati tupu hutokea zaidi ya mara moja katika kila tatu. Angepata 9 au 10, tungemsujudia, kwa kuwa hilo kwa bahati hutokea kama mara moja tu katika mia. Alivua hedifoni, akaziweka mezani polepole, akasema lazima aondoke mapema kwa ajili ya zamu.

Waswahili husema sikio halipiti kichwa. Kwa kawaida methali hiyo ni ya kumkumbusha mdogo asimpite mkubwa, na kijana wetu aliitii kwa maana hiyo hasa: mkubwa kasema, mdogo kanunua. Siku ile tuliisikia upya. Sikio hupeleka mitetemo tu, na kichwa ndicho kinachosikia, nacho kina habari nyingine nyingi: kinajua bei, kinajua uzuri wa msuko, kinajua kwamba hii ni mara ya pili wimbo unapigwa. Mara ya pili daima unasikia zaidi. Ile kucha kwenye uzi ilikuwapo tangu mwaka 1952, na ilikuwapo katika usikilizaji wetu wa kwanza, hatukuwa tumeitazamia. Kwa hiyo hatusemi ndugu yetu alisema uongo. Alisikia kweli. Alichokosea ni kujua nani amemsikilizisha.

Kuhusu amplifaya mambo si mepesi hivyo, na ni haki tuseme. Simu nyingi hutoa nguvu ndogo kwenye tundu la hedifoni, na huku Ulaya kuna sheria juu yake: tangu mwaka 2013 vifaa vipya vya kubebeka huanza na kikomo cha desibeli 85, na kupanda zaidi, hadi 100, ni lazima ukubali onyo kwanza. Kiwango hicho kiliandaliwa na CENELEC, shirika la viwango vya umeme lenye makao yake hapa hapa Brussels. Kwa hedifoni za omu 300 na santuri za zamani zilizorekodiwa kwa sauti ndogo, simu inaweza kufika mwisho kabla hujatosheka. Hapo amplifaya inasaidia kweli.

Tena sisi tunayo moja ya miaka ya 1970, tuliyoiokota kwa euro 15 katika soko la vitu vikuukuu la Place du Jeu de Balle. Fundi aliipima, akakuta tundu lake la hedifoni lina ukinzani wa omu 330. Kwa kuwa hedifoni hizi hazina omu 300 kila mahali, bali hupanda hadi karibu 500 kwenye besi, mashine hiyo huipandisha besi kwa kama desibeli mbili. Tuliifanyia jaribio lile lile la sarafu dhidi ya amplifaya ndogo ya kisasa, sauti zikisawazishwa kwa mita ya volti, maana kile kinachopigwa kwa nguvu kidogo zaidi huonekana kizuri zaidi, na wauzaji wanalijua hilo. Mzee alipata 9. Akasema anaipenda ya zamani, ina tumbo. Bi mkubwa alipata 9 pia, akasema ya zamani ina matope. Basi tofauti ipo, na bado haikutuambia ipi ni bora. Amplifaya mbili za kisasa, moja ya euro 90 na nyingine tuliyoazima ya euro 700, zote zenye nguvu ya kutosha na ukinzani mdogo, hakuna aliyezitenganisha.

Tumelijadili jambo hili hadi chai ikapoa mara nyingi. Wapo kati yetu wasemao tungemwacha ndugu yetu na furaha yake: mtu anasafisha meza za wenzake hadi alfajiri, amejinunulia kioo kisicho na vumbi, ninyi mnaleta sarafu. Hoja hiyo ina uzito. Furaha yake ilikuwa yake na hakuiba kwa mtu. Tunavyoona sisi, jambo lilibadilika pale alipofungua mdomo mbele ya kijana. Kufurahi hakuhitaji ushahidi, ila kumwambia mwenzio "nunua" ni kutoa ushahidi, na shahidi huulizwa. Hasa huku ughaibuni, ambako mgeni hana mwingine wa kumwuliza. Anatuuliza sisi wakili gani, daktari gani, simu gani, na sisi humjibu kwa yale tuliyolipia, kwa sababu kukiri kwamba tulilipia bure ni kazi ngumu. Mwamba ngoma huvutia kwake, hata akiwa na nia njema.

Kijana alikuwa na bahati. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, bidhaa uliyonunua kwa mbali unaweza kuirudisha ndani ya siku 14 bila kutoa sababu, naye alikuwa na siku tatu zilizobaki. Aliurudisha waya, na ada ikatumwa Bukavu ikiwa imechelewa. Siku za ndugu yetu zilikuwa zimeshapita. Bado anautumia, anasema ni mlaini, haumkwaruzi shingoni, na hilo ni kweli, tumeugusa.

Lililobaki ni euro 9 za posta alizolipa kijana kuurudisha. Mzee anasema aliyesifu ndiye alipe. Bi mkubwa anasema tulipe sote, kwa kuwa sote tulisikia kucha kwenye uzi. Ndugu yetu alizileta Jumamosi iliyopita katika bahasha, kijana akakataa kuzipokea kwa mkubwa wake, na bahasha iko juu ya amplifaya mpaka tunapoandika haya.