Nani Anastahili Jiwe?



Kwetu sisi tuliokimbia, habari ya makaburi si ya vitabuni. Karibu kila nyumba hapa makazini ina mtu iliyemwacha nyuma: aliyezikwa haraka kando ya njia, au ambaye hakuzikwa kabisa. Akina mama wamekuwa wakiuliza baada ya ibada, je, tulimkosea marehemu? Tutajibu kwa kupitia makaburi ya watu wengine, ya vita vya zamani.

Huko Taveta nchini Kenya, jirani na mpaka wa Tanzania, yako makaburi madogo ya kijeshi. Wajerumani waliuteka mji huo Agosti 1914. Tarehe 12 Februari 1916 jeshi la Waingereza, pamoja na Waafrika Kusini, lilishambulia kilima cha Salaita likarudishwa nyuma. Mwezi uliofuata, tarehe 11 na 12 Machi, likapigania vilima vya Latema na Reata mpaka Wajerumani wakaondoka. Waliolazwa Taveta ni zaidi ya mia moja tu. Wamepangwa kwa safu, na majina yao yanasomeka hadi leo.

Lakini risasi, chakula na maji viliwafikiaje askari wa vita vile? Vingi vilibebwa kichwani. Waingereza waliwachukua wapagazi kwa malaki, na wanahistoria wanakadiria kwamba 100,000 hivi walikufa, wengi kwa malaria na kuhara kuliko kwa risasi. Wabelgiji nao waliwatoa wapagazi Kongo mpaka Tabora, mji waliouteka Septemba 1916. Hao ni babu zetu. Hata jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ambako wengine wetu wamepita na mizigo yao, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi. Katika safu za Taveta huwaoni.

Tume ya Waingereza ya makaburi ya vita iliundwa mwaka 1917, na kanuni yake ilikuwa nzuri: wafu wote ni sawa, mkubwa na mdogo, bila kutazama cheo, rangi wala dini. Ulaya kanuni ikashikwa. Huku kwetu wakubwa wakasema Waafrika hawana desturi ya mawe ya makaburi, basi hawatayahitaji. (Hatujui walimwuliza nani.) Horace Byatt, gavana wa Tanganyika, aliona makaburi makubwa ya wapagazi ya Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudi kuwa pori upesi. Badala ya majina zikasimamishwa sanamu Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Ni sanamu nzuri, ila hazimtaji mtu.

Miaka mia ilipita. Aprili 2021 tume hiyohiyo ilitoa taarifa na kuomba radhi: wafu wapatao 45,000 hadi 54,000 walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na wengine wasiopungua 116,000, labda hata 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Ndugu mmoja atasema: roho haikai katika jiwe, na hata Musa kaburi lake halijulikani. Ni kweli, someni Kumbukumbu la Torati 34. Lakini Musa alizikwa na Mungu mwenyewe, naye Mungu hakukaa ofisini akagawa mawe kwa huyu na kumnyima yule.

Hapo ndipo tunapoona tofauti. Mama aliyemfunika mtoto wake kwa majani akakimbia na wawili waliobaki hakumkosea yule wa kwanza. Hakuwa na jembe, hakuwa na saa. Angekaa, wangekufa wote, na hatuoni mtu yeyote mwenye haki ya kumhukumu. Waliokosa ni wale waliokuwa na amani, kalamu, fedha na wakati, wakachagua nani ana jina. Kosa la namna hii halihitaji bunduki. Linafanyika mezani, taratibu, kwa mwandiko mzuri.

Na sisi sasa, hapa makazini, tuna kalamu. Tumewazika humu watu wasio na jamaa, na juu ya udongo kikabaki kijiti tu, ambacho mvua ya kwanza hukichukua. Tunapochangia saruji, tumchangie nani kwanza: mzee wa kanisa mwenye watoto wanaotuma fedha kutoka ng'ambo, au yule aliyefika peke yake? Tunafikiri ni huyu wa pili. Wengine watakataa, nao waje tuzungumze.

Wala si lazima liwe jiwe. Cape Town, Januari 2025, Waafrika zaidi ya 1,700 wa Afrika Kusini waliokufa katika vita vile bila kaburi linalojulikana walipata majina yao juu ya nguzo za mti. Ni mvule, mti tunaoujua wote.

Daftari limeanzishwa, liko kwa katibu wa kanisa, kila Jumapili baada ya ibada. Leteni jina, jina la baba, kijiji, na mwaka. Asiyejua mwaka aseme ilikuwa wakati wa vita vipi, au mahindi yalikuwa yamefika wapi. Asiyejua kusoma ataandikiwa. Waletwe na wale wasio wa kanisa letu.