Shukrani ya Laini

Mwaka 2017 Mtanzania alifunguliwa milango miwili: kuhama mtandao bila kubadili namba, na kununua hisa za Vodacom Tanzania kwa shilingi 850 kila moja. Shangazi yangu, muuza dagaa wa Bunda, hakupita wowote. Laini yake ndiyo iliyompokelea pesa za kwanza kutoka kwa wateja wa Musoma na Butiama. Kuihama, anasema, ni utovu wa shukrani. Shukrani kwa nani? Mtandao haukumdai hiyo, ulimdai vocha tu. Lakini mimi nikinunua hisa za mtandao anaoutumia, gawio langu litatoka kwenye bando lake. Amenisomesha kwa dagaa. Nitamwambiaje kwamba bando likipanda bei, mimi nimepata?