Pembe Ndani ya Pembe

Kiswahili kimelitwika neno pembe mizigo mingi. Pembe ni ile iotayo kichwani mwa mnyama. Ni meno ya ndovu. Ni baragumu lipulizwalo watu wakusanyike. Na tena ni pale kuta mbili za chumba zinapokutana. Siwa ya Pate, iliyochongwa kwa pembe za ndovu na yenye urefu unaozidi mita 2, ilipopulizwa ilihitaji uwanja na umati. Haikuwapo siwa ya kumpulizia mtu mmoja.

Ni ajabu basi kwamba kuna watu, Marekani na Japani na Ulaya na hata kwingineko, ambao hutenga chumba kizima cha nyumba yao, wakakiwekea spika za pembe na kiti kimoja, wakaufunga mlango. Jambo hili hudhaniwa kuwa ni la wenye fedha na mafundi tu. Ukweli ni kwamba ndani yake mna suala la kale: baina ya chombo na mahali kinapowekwa, ni nani amfuate mwenziwe?

Pembe ni chombo chenye kiburi, na kiburi chake kimetokana na maumbile. Uzi mzito kuliko wote katika besi kubwa ya taarabu hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde, na wimbi la sauti yake hunyooka zaidi ya mita 8 hewani. Pembe itakayoitoa sauti hiyo bila ya kuinyonga hutakiwa iwe na mdomo ambao mzingo wake unalikaribia wimbi hilo. Yaani mdomo wa upana wa mita 2 na nusu na zaidi, na nyuma yake shingo ndefu inayofunguka polepole. Roderick Denman aliitengeneza moja kwa ajili ya jumba la makumbusho ya sayansi mjini London, ikamalizika mwaka 1930: urefu wake mita 8, mdomo wake zaidi ya mita 2 kila upande. Watu walikwenda kuisikiliza kama waendavyo kutazama nyangumi aliyepwelewa. Mwaka 1949 iliharibiwa katika kazi za ubomoaji, na mwaka 2014 ikaundwa upya. Pembe ya namna hiyo haiingii nyumbani. Nyumba ndiyo ingelazimika kuingia ndani yake.

Malipo ya ukubwa huo ni kwamba pembe haihitaji nguvu. Wati chache za umeme, zinazotosha kuwasha taa ndogo ya kusomea, huweza kukijaza chumba kwa mlio ambao spika za kawaida zingeufikia kwa nguvu mara makumi kadhaa. Kwa hiyo utando wake hutikisika kidogo mno hata ikipiga kwa kishindo, na ndiyo maana wapenzi wake husema kwamba sauti ya mwimbaji hutoka humo pamoja na pumzi yake.

Paul Klipsch, mhandisi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1904, hakuingia vitani na ukubwa huo. Aliomba msaada wa chumba. Pembe ikiwekwa sakafuni, sakafu huifanyia nusu ya kazi. Ikisogezwa ukutani, nusu ya nusu. Ikisukumwa pembeni kabisa, huhitaji thumuni tu ya mdomo wake wa asili. Mita tano na nusu za mraba hushuka zikawa theluthi mbili ya mita moja. Akaikunja shingo ndani ya sanduku, akauacha mgongo wake wazi, kuta mbili za mwenye nyumba zikawa mbavu za pembe. Mwaka 1946 alianzisha karakana yake katika mji wa Hope, Arkansas, na chombo hicho, Klipschorn, kinatengenezwa hadi leo, ingawa matoleo ya karibuni yamezibwa mgongo. Yamkini wanunuzi wa sasa hawaziamini kuta zao.

Hapa ndipo penye fikra. Aliyenunua Klipschorn ya zamani hakununua chombo kamili. Alinunua nusu, na nusu ya pili ilikuwa nyumba yake: chokaa yake, unyoofu wa kuta zake, mlango uliotobolewa mahali pasipofaa. Mwenye chumba kisicho na pembe mbili nzima hana budi ama ajenge ukuta ama aache. Wapo waliojenga. Wapo pia waliowaambia wake zao wahamishe kabati la kanga, na watoto wacheze kwengine, na hapo ndipo suala la mbao na nyaya linapogeuka kuwa suala la haki.

Mwaka 1957 Klipsch mwenyewe alitoa spika ndogo, isiyolazimika kukaa pembeni. Inasimuliwa kwamba mtu mmoja wa biashara alimwambia kuwa huo ni uzushi, kwa kuwa amehubiri pembe miaka yote. Naye akakiita chombo hicho Heresy, Uzushi. Kuna watu ambao wangeficha aibu hiyo. Yeye aliibandika kwenye sanduku na kuiuza, na katika hilo kuna uungwana kuliko katika kuta zote zilizobomolewa kwa ajili ya mlio.

Si kwamba kutenga chumba ni dhambi. Mwimbaji ana haki ya kusikilizwa, na anayempigisha kelele za jikoni na za barabarani anamdhulumu vilevile. Kinachotia shaka ni kile kiti kimoja. Siti binti Saad alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri zake, zilirudi zikachezwa majumbani na mikahawani, watu wamekaa pamoja. Japani baada ya Vita vya Pili, santuri za jazi zilipokuwa ghali, palizuka migahawa yenye spika kubwa za pembe ambamo wateja hukaa kimya kwa bei ya kikombe cha kahawa. Kimya chao ni cha pamoja. Huko usikilizaji ni mkali kuliko wa mpweke yeyote, wala mlango haufungwi.

Na pembe yenyewe, ikichaguliwa kwa chumba, hupendelea wageni. Spika mbili zilizokaa pembeni zikitazamana kwa mshazari humhudumia hata aliyekaa upande, kwani aliye karibu na moja hutazamwa barabara na ile ya mbali. Ile midomo mikubwa iliyopandana, iliyozoea kumbi za sinema, hutaka umbali. Ukiikaribia, sauti ya mwimbaji hutoka juu na ngoma chini, kama watu wawili wanaogombana dirishani.

Chukua chumba cha nyumba ya mawe ya Unguja. Upana wake haukuamuliwa na mwenye nyumba bali na mkoko: boriti haivuki zaidi ya mita 3 hivi, basi chumba kikawa chembamba na kirefu, kuta nene za mawe na chokaa zisizomeza sauti hata kidogo. Kuta nzito namna hiyo ni neema kwa besi ya pembeni, na pembe, kwa kuwa huielekeza sauti badala ya kuimwaga, haiziamshi sana zile za ubavuni. Midomo mikubwa iliyopandana isifikiriwe humo. Jozi ndogo kwenye ukuta mfupi, zulia sakafuni, pazia zito nyuma ya wasikilizaji. Viti vitatu vinatosha. Cha nne itabidi kiwe karibu na mlango, na aliyekikalia ndiye atakayetoka kuleta kahawa.