Kwa Mnaowatafiti Mashabiki wa Zilizopendwa

Wajukuu zangu mlioko chuo kikuu, nasikia tasnifu zenu siku hizi ni za mashabiki wa zilizopendwa, na kwamba kazi huanza kwa kuvuna maoni yaliyo chini ya video za Les Wanyika na Super Mazembe. Si vibaya. Maoni hayo yana utamu wake: huyu anamlilia marehemu babake, yule yuko Doha zamu ya usiku, wa tatu anazusha ugomvi kuhusu nani alipiga solo. Ila anayeandika pale ni mwenye bando na mwenye hamu ya kusikika. Waliouhifadhi muziki huu miaka ambayo haukuwa na soko, wengi hawamo.

Wala msiandike kwamba intaneti ndiyo iliyozaa ushabiki wa aina hii. Kabla yake palikuwa na kadi za salamu. Mtu aliandika jina lake la utani, akapanga majina ya jamaa na marafiki kutoka Busia hadi Kwale, akaomba wimbo, akatuma kadi Sauti ya Kenya, akakaa karibu na redio. Watuma salamu walijuana kwa kinywa cha mtangazaji tu, baadaye wakaunda vyama, wakatembeleana. Mkimpata mmoja wao, wekeni hojaji kando mumsikilize.

Tembeeni River Road. Fikeni kwenye vibanda vya santuri Kenyatta Market. Mkishikishwa santuri ndogo ya 45, igeuzeni kabla ya kuomba ichezwe. Upande mmoja hubeba dakika chache tu, kwa hiyo wimbo mrefu ulikatwa sehemu mbili: maneno mengi huku, na huko nyuma magitaa yakaachiwa yakimbie. Leo mtu hupandisha mtandaoni upande wa kwanza peke yake, na vijana wakaamini wimbo unaishia pale. Someni lebo: bendi, mtunzi, namba ya toleo. Kisha iinamisheni santuri kwenye mwanga. Karibu na lebo, pale mistari inapokoma, kuna namba nyingine iliyochorwa. Nakilini zote. Mwaka unaotajwa kwenye video mara nyingi ni wa kubahatisha.

Lebo nayo msiisujudie. “Malaika” ilishika jina la Fadhili William, aliyeirekodi hapa Nairobi, ilhali Adam Salim wa Tanzania alidai ni tungo yake. Mashabiki wa nchi mbili bado wanavutana. Mimi nisingepoteza sura nzima nikitoa hukumu. Ningeuliza kila upande unapoteza nini ukishindwa. Ulizeni vivyo hivyo kuhusu Simba Wanyika, bendi ya ndugu wawili wa kina Kinyonga kutoka Tanga iliyopata jina Nairobi.

Mtakutana pia na watu wanaonyamaza. Mwanamuziki Joseph Kamaru alipoimba kuhusu kuuawa kwa mwanasiasa J.M. Kariuki mwaka 1975, wimbo ule haukuwa wa kupigwa redioni. Kamaru alifariki 2018, na mjukuu wake, ambaye naye ni Joseph Kamaru, anazitoa upya kazi za babu mtandaoni. Kijana wa Lavington anazisikiliza ndani ya matatu bila kutazama nyuma. Mzee wa Kangemi aliyeficha santuri yake chini ya nguo hana mazoea hayo. Akikwepa swali, msimrudie nalo. Kibali cha utafiti cha NACOSTI kinawaruhusu nyinyi kuuliza. Hakimlazimu yeye kujibu. Na kundi la WhatsApp la mashabiki, hata likiwa na watu mia mbili, bado ni sebule ya watu. Bisheni hodi.

Na mlichokivuna kirudisheni. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyewafikia kwa gramafoni, jina lake wakaligeuza Chemirocha. Rekodi zikaenda Afrika Kusini. Ilipita zaidi ya miaka 60 ndipo nakala zikarudishwa Bonde la Ufa. Nyinyi simu mnazo mkononi. Mahojiano mtumieni mliyemhoji mwenyewe jioni ile ile, kabla ya kumpelekea msimamizi wenu, na akiridhia, jina lake liandikeni palepale mnapowataja wasomi. Akisema mmekosea mpiga besi, rudieni ukurasa huo.