Wembe wa Dukani

Aprili 1956, Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Wameru, lilipiga marufuku tohara ya wasichana. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari kwa sababu ya uasi wa Mau Mau, na maafisa wa kikoloni ndio waliokuwa wakiisukuma amri hiyo. Wazee waliipitisha kwa kauli moja. Wote walikuwa wanaume.

Kilichofuata kinaniuma kila ninapokisimulia. Wasichana walikwenda madukani wakanunua nyembe, wakaingia msituni, wakatahiriana wao kwa wao. Wakapewa jina la Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Katika miaka mitatu, watu zaidi ya 2,400, wasichana kwa wanawake na wanaume, walishtakiwa kwa kuvunja amri ile.

Mtoto anafikaje hapo? Tangu alipoanza kusikia amekuwa akiambiwa kwamba mwili wake haujatimia na kisu ndicho kitakachoutimiza. Hadithi hiyo bibi yake aliiamini, na wazee wa Njuri nao walilelewa nayo. Asiyekatwa alikuwa nkenye tu, msichana mdogo, hata kama kifua kimejaa na posa inanukia. Akishika mimba kabla ya tohara, mimba hiyo ilihesabiwa mkosi, na mara nyingi ilitolewa. Basi wazee walikataza kisu, ile hadithi wakaiacha palepale ilipokuwa. Msichana wa 1956 alisikia jambo moja tu: hutakuwa mtu mzima kamwe. Mimi siwezi kumlaumu. Nawalaumu waliomfungia mlango bila kumwonyesha mwingine.

Mlango mwingine ulikuja kufunguliwa miaka 40 baadaye, Agosti 1996, Gatunga kule Tharaka. Familia zipatazo 30, zikisaidiwa na shirika la Maendeleo ya Wanawake, zilianzisha Ntanira na Mugambo, tohara ya maneno. Mabinti walikaa ndani juma zima wakifundwa na wanawake waliowazidi umri: mwili, uzazi, heshima, na namna ya kusema hapana. Ukeketaji haukuisha kwa hilo. Sheria ya kuupiga marufuku Kenya nzima ilipitishwa 2011, na hadi leo wapo wanaokatwa kwa siri. Lakini siku ya kutoka, Gatunga kulikuwa na nyimbo, ngoma na zawadi kama zamani, na binti alipita mbele ya kijiji kizima akiimbiwa kwamba amekua.